Vidole Vilivyonyamaza

Huku kwetu Kuresoi hakuna mtu anayepanda ubao wa lori akiwa na viatu. Sheria hiyo haijaandikwa mahali popote, lakini ukijaribu utatukanwa mpaka ushuke. Ubao wenyewe huegemezwa kutoka kwenye matope hadi mdomo wa lori. Ni mwembamba, watu wawili hawawezi kupishana juu yake, na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Wapakiaji wa viazi wanasema kiatu hakijui kimekanyaga nini.

Anko Bethwel Kibii, mdogo wa baba yangu, alianza kupanda ubao huo kabla mimi sijazaliwa. Gunia la viazi la huku si gunia la kawaida. Linashindiliwa mpaka linafura, halafu linashonewa wavu juu lipokee viazi vingine. Wanaume wawili ndio humwinulia mmoja. Linakaa kwenye bega la kulia na kuegemea sikio, kichwa kinasukumwa kushoto, na kuanzia hapo mtu hawezi kugeuza shingo wala kuinamisha kidevu. Anachoona ni mbele tu, kipande cha lori na kipande cha mawingu. Miguu inabaki kujitafutia njia yenyewe.

Nilipokuwa mdogo nilipenda kuchuchumaa kando ya ubao. Wengine walitazama gunia, wengine walitazama mishipa ya shingo ya Anko. Mimi nilitazama miguu. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kinachompeleka juu, nikagundua jambo lililonishangaza: kisigino chake hakigusi ubao hata mara moja. Kazi yote inafanywa na mbele ya mguu. Vidole vinatangulia, vinapapasa kidogo kama mkono gizani, vinakunjika na kuushika ubao. Kisha ule mto mnene ulio nyuma ya vidole unalala na kupokea uzito wote, gunia na mtu. Kisha kidole kikubwa kinasukuma, na Anko anapanda. Kisigino kinaning'inia tu hewani, kama mtu aliyepewa lifti.

Siku moja nikamwuliza, "Anko, kisigino basi ni cha kazi gani?"

"Cha kushukia," akasema. "Kupanda ni vidole, kushuka ni kisigino. Na wewe Jerop, haya maswali hukuacha ulale saa ngapi?"

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa bayolojia alituambia kwamba ng'ombe hutembea kwa ncha za vidole maisha yake yote, na kwamba kwato ni kucha tu zilizokomaa. Kile tunachodhani ni goti la nyuma lililokunjwa vibaya ndicho kisigino chake. Sikuweza kungoja. Nilienda moja kwa moja hadi pale lori linapopakiwa, nikawaeleza wote.

Kimaiyo, mpakiaji mwenzake Anko, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Kumbe Bethwel ni ng'ombe! Ndiyo maana ukimwita hasikii mpaka umpige!"

"Na wewe ni punda," Anko akamjibu, "maana hata ukipigwa husikii."

Walikuwa hivyo. Anko ndiye aliyekuwa mfungua lori, yaani yule anayepanda na gunia la kwanza na kulipanga chini ili mengine yote yakae juu yake. Mfungua lori ndiye pia anayechagua nani ataitwa kazini. Akikosekana, mwenye lori anapigia simu kikundi kingine kutoka Molo, na wanaume wetu wote wanabaki wamekaa kwenye ukuta wa duka wakipiga stori. Kwa hivyo Anko hakuwa akikosekana. Aliwahi kupakia akiwa na malaria. Alipakia siku ya pili baada ya harusi yake, na Anti Chepkemei, mkewe, bado humkumbusha jambo hilo akikasirika.

Kuna kitu kingine lazima nieleze kuhusu Kuresoi, maana bila hicho mtu atatuona wajinga. Asubuhi zetu zina barafu. Nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Anko alikua akichunga ng'ombe za babu bila viatu, na walichokuwa wakifanya watoto wa wakati ule ni kumwamsha ng'ombe aliyelala, kumfukuza, kisha kusimama haraka pale alipokuwa amelala, kwa sababu ardhi pale ni moto kama kitanda. Walisimama wakingoja vidole virudi. Hivyo ndivyo wanavyosema mpaka leo: vidole vimeenda, vidole vimerudi. Hata mimi nasema hivyo. Mtu akikuambia hasikii vidole vyake, hakuna anayeshtuka. Unampisha tu akae karibu na moto.

Kwa hivyo mwaka jana, mvua za Aprili zilipoanza na Anko akaanza kusema vidole vyake vimeenda, hakuna aliyejali.

Cha kwanza nilichokiona mimi ni macho yake. Alianza kutembea akitazama chini. Alikuwa mtu wa kutembea kifua mbele, akisalimia watu wa upande wa pili wa bonde kwa kupaza sauti, lakini sasa alipita katikati ya shamba akiwa ameinamisha kichwa, akiufuatilia kila mguu unapotua. Anti alimtania.

"Umeangusha nini, Bethwel? Ama unatafuta bibi wa pili kwa nyasi?"

"Nikimpata nitakuletea akusaidie kuchota maji," akasema. Lakini hakuinua macho.

Na maji alikuwa akiyanywa. Alimaliza jagi zima akiwa amesimama, akafuta mdomo, akauliza kama kuna mengine. Tulisema ni kazi nzito.

Halafu siku moja akarudi kutoka kwa duka na kandambili moja.

Anti alikuwa anafua nguo. "Na ile ingine?" akauliza.

"Ingine gani?"

"Ya mguu wa kulia, Bethwel. Ama siku hizi unavaa kwa zamu?"

Anko aliitazama miguu yake. Sikuwahi kumwona mtu akitazama miguu yake mwenyewe namna ile, kana kwamba mtu mwingine ameiacha pale. "Nimetoka nayo," akasema polepole. Kisha akacheka, na sisi tukacheka, na mimi nikatumwa kuitafuta.

Nilidhani nitaipata langoni. Sikuipata. Nilishuka njia yote hadi kwenye kijito, ndipo nikaiona, imesimama wima katika matope kama jani. Kutoka pale hadi nyumbani ni barabara ya kokoto, ile mpya iliyomwagwa na kaunti, yenye mawe makali hata mbuzi huizunguka. Niliivua kandambili yangu ya kulia nikajaribu. Sikumaliza hata upana wa barabara. Nilirudi nyumbani na ile kandambili mkononi, na njiani nikawa najiuliza swali ambalo sikulipenda: alipitaje hapa bila kujua?

Nikampigia baba. Baba anafanya kazi Nakuru mjini na anaishi huko, mtaa wa Free Area; mimi nakaa kwa Anko. Nikamweleza yote, macho, maji, kandambili.

"Mwambie aende hospitali," baba akasema.

Nikaenda kumwambia Anko. "Baba anasema uende hospitali."

"Mwambie babako aje abebe magunia, mimi nikalale huko kwake niangalie televisheni."

Ikawa Julai, mwezi wa baridi mbaya kabisa. Jioni moja tulikuwa jikoni, Anti akipika, mimi nikimenya viazi, na Anko amekaa kwenye kigoda amenyoosha miguu kuelekea mafiga. Alikuwa anatusimulia jinsi Muiruri, mwenye lori kutoka Bahati, alivyoteleza akaingia kwenye mtaro na suti yake ya kanisa. Alikuwa anaigiza sauti yake, "Woi, vijana, nisaidieni, lakini msinishike na mikono chafu!" Tulikuwa tunacheka kabisa.

Kisha kukawa na harufu. Mwanzo nilidhani ni kiazi kilichoanguka kwenye makaa. Anti alifunua sufuria akachungulia, akaifunika. Harufu ikazidi, nzito, kama nywele, kama duka la nyama wanapobabua miguu ya ng'ombe.

Anko alinusa hewani. "Nani anachoma kwato?" akauliza, bado anatabasamu.

Mimi ndiye niliyetazama chini. Kidole kikubwa cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimeegemea figa. Hakikuwa karibu nalo. Kilikuwa kimelishikilia, na ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeupe, kisha kahawia pembeni, na kitu fulani kilikuwa kinatoa povu dogo pale kinapogusana na jiwe. Niliinua macho. Anko alikuwa ananitazama, ameinua nyusi, anangoja jibu la swali lake.

Nilinyoosha kidole tu.

"Bethwel!" Anti akapiga kelele. "Mguu!"

"Mguu gani?" akasema.

Anti ndiye aliyeuvuta, kwa mikono yake miwili. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye figa. Anko aliuangalia mguu, akaugeuza huku na huku, akaubonyeza kwa kidole cha mkono. Niliona hofu ikipita usoni mwake kwa haraka sana, halafu akaifukuza.

"Ni baridi," akasema. "Vidole vimeenda tu. Vitarudi."

Jikoni kulikuwa na moto mkubwa, sisi wengine tulikuwa tunatoka jasho.

Asubuhi Anti alimwambia avae waende Molo hospitalini. Anko akasema ataenda, haki ataenda, ila viazi vya ng'ambo ya bonde vimeshachimbwa na viko kwenye mashimo, na mvua ikianza tena barabara itafungwa, na akikosekana Muiruri ataleta watu wa Molo. Lori hilo moja tu, kisha aende. Anti aliongea mpaka sauti ikamkauka. Anko akapaka mafuta ya kujipaka kwenye kidole, akakifunga kitambaa, juu yake akafunga karatasi ya nailoni, akavaa gambuti. Kwa siku zilizofuata hakulivua gambuti mbele ya mtu. Alilala amegeuzia mguu ukutani, Anti ndiye aliyeniambia.

Lori la Muiruri lilifika Jumamosi, mvua ikiwa imenyesha tangu usiku. Nilienda. Anti alinituma niende nimpelekee chai, lakini sote tulijua sijatumwa chai.

Walikuwa wameshauegemeza ubao. Maji yalikuwa yanateremka juu yake. Muiruri alikaa ndani ya lori akiwa amefungua dirisha kidogo. "Maboss, harakisheni! Huo mlima ukilowa zaidi nitalala huku na mimi sina bibi huku!"

"Tutakuazima blanketi," Kimaiyo akamjibu. "Bibi utajitafutia!"

Anko akaketi kwenye jiwe akavua gambuti. Kulitoka harufu. Wale waliokuwa karibu wakageuza nyuso, kila mmoja akijifanya anatazama mvua. Kimaiyo aliinama akaona ile nailoni na kitambaa.

"Hiyo itakuangusha, mzee. Toa hiyo kitu."

Anko akafungua. Sitaeleza kila kitu. Kidole kikubwa kilikuwa na rangi ya kiazi kilichooza kwa ndani, na weusi ulikuwa umeanza kutambaa kuelekea vile vingine. Wote walikiona. Mvua ilipiga kwenye turubai la lori.

"Wee," Kimaiyo akasema, sauti yake imebadilika. "Bethwel. Wacha leo. Mimi nitafungua."

"Inua gunia."

"Nakuambia wacha."

"Kimaiyo, nimekuambia uinue gunia, ama niite Muiruri aje ainue?"

Wakainua. Gunia likakaa begani, likalala sikioni, kichwa cha Anko kikasukumwa kushoto. Na hapo ndipo nilipoelewa. Miezi hiyo yote alikuwa anatembea kwa macho. Vidole vilikuwa vimenyamaza kitambo, hivyo macho yakawa yanafanya kazi yao, yanamwambia hapa pana jiwe, hapa pana shimo, mguu umefika, mguu haujafika. Sasa gunia lilikuwa limemfunga shingo. Hangeweza kutazama chini hata angetaka.

"Anko!" nikaita. "Anko, ngoja!"

Alikuwa ameshaanza. Mguu wa kushoto ulienda vizuri, ulipapasa, ukashika. Wa kulia ulitua kama ubao juu ya ubao, pwaa, bila kupapasa chochote. Akapanda. Kushoto, ukashika. Kulia, pwaa. Karibu na katikati, pale ubao unapoanza kunesa, mguu wa kulia ulitua ukingoni. Nusu yake ya ndani ilikuwa juu ya mbao. Nusu nyingine, na vile vidole, ilikuwa hewani. Mtu yeyote mwenye vidole vilivyo hai angeurudisha kabla ya kuwaza. Mimi na wewe tungeurudisha hata usingizini. Anko alianza kuuegemea.

"Simama!" Kimaiyo akapiga kelele. "Simama hapo hapo!"

Akasimama. Ubao ulikuwa unapanda na kushuka chini yake, polepole. Muiruri alikuwa amezima redio. Anko hakugeuka, hangeweza, lakini tulimsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia funguo.

"Kimaiyo. Mguu wangu uko wapi?"

Kimaiyo alisogea karibu na ubao. "Uko nje kidogo," akasema. "Ulete ndani. Kushoto. Bado. Bado, mzee. Kidogo tena."

Niliona mguu ukiinuka na kutafuta. Ulipita juu ya ubao, ukagonga mguu mwingine, ukarudi. "Hapo?" Anko akauliza. "Ni hapo?"

"La! Bado!"

Lakini alikuwa ameshaukanyagia. Gunia lilienda upande mmoja, yeye akaenda mwingine. Viazi vilimwagika vikabingirika mpaka chini ya magurudumu. Anko alianguka kwenye matope kwa mgongo, akalala pale macho wazi, mvua ikimwingia.

Kisha akainuka. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Aliinuka mwenyewe akaja kwetu akitembea, anapangusa matope, anasema, "Sijaumia. Jameni, sijaumia, wacheni kunitazama hivyo," na kile kidole kikubwa kilikuwa kimegeukia nyuma, kinaburutika, na yeye alikuwa anatembea juu yake.

Muiruri ndiye aliyempeleka. Aliacha viazi mvuani, akamkalisha mbele pamoja na Anti, wakateremka hadi Molo, na Molo wakaambiwa waende Nakuru. Nilifika siku iliyofuata na baba.

Ilikuwa sukari. Daktari alisema imekaa naye miaka mingi bila yeye kujua. Muuguzi wa wodi ile, Sista Nerima, alinivumilia na maswali yangu yote. Aliniambia mwilini kuna nyuzi zinazopeleka habari kichwani, na sukari huanza kuziua kutoka kule mbali kabisa, kwenye ncha za vidole vya miguu, kisha inapanda.

"Kwa nini kule mbali?" nikauliza.

"Kwa sababu njia ni ndefu," akasema. "Na kule ndiko mtu hutazama mwisho."

Walikata mbele yote ya mguu wa kulia. Vidole, na ule mto ulio nyuma ya vidole. Walibakisha kipande kifupi na kisigino. Anko alipofunguliwa bandeji mara ya kwanza aliutazama muda mrefu. Anti alikuwa amemshika mkono. Kisha akanitazama mimi.

"Jerop," akasema, "wameniachia cha kushukia."

Alijaribu kucheka. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido.

Sasa yuko nyumbani. Nimekuwa nikimtazama akijifunza kutembea, na nimeelewa vitu ambavyo sikuvisoma kitabuni. Mtu akitembea, kisigino kinafika kwanza, halafu uzito unasafiri hadi mbele, na mbele ndiko kunakomrusha kwenda hatua ingine. Mguu wa Anko unafika, halafu basi. Unatua kama sahani mezani na hakuna kinachomsukuma. Lazima auinue kwa nyonga na kuutupa mbele. Kwenye sakafu ya sebule anaweza. Lakini Kuresoi haina mahali tambarare. Kutoka nyumbani hadi chooni ni mlima, hadi kanisani ni mlima, na mlima hupandwa kwa kile alichokatwa. Anapanda kwa upande, kama kaa, akishika fimbo na ua. Lori likinguruma ng'ambo ya bonde, anasimama anasikiliza mpaka liishe. Kimaiyo ndiye anayefungua sasa. Akipita barabarani humsalimu kwa nguvu, "Chamgei, mzee!" lakini haingii langoni.

Sista Nerima alituambia jambo moja na akalirudia mpaka Anti akakasirika. Mguu wa kushoto ndio wa kulinda sasa. Ukienda huo, ameenda. Kila siku Anko afunge macho, na mtu mwingine amguse chini ya vidole kwa kitu chepesi kabisa, aseme kama anasikia. Siku atakayokosa kusikia, apelekwe Nakuru siku hiyo hiyo, asingoje lori, asingoje mvua, asingoje chochote.

Kazi hiyo nilipewa mimi wakati wa likizo. Natumia nyoya la kuku. Anko anakaa kwenye kiti nje ya nyumba, anafunga macho, na mimi nachuchumaa mbele ya mguu wake kama zamani. Nyoya kwenye kidole kikubwa.

"Nasikia."

Kidole cha pili.

"Nasikia."

Kisha vile vidogo, kisha chini kwenye mto.

"Nasikia. Nasikia. Nasikia. Haya, andika mia kwa mia, mwalimu."

Anti akisikia hivyo kutoka ndani husema, "Asante Mungu," na siku inaendelea.

Jumapili iliyopita tulifanya baada ya kanisa. Kulikuwa na jua, kitu adimu. Anko alikuwa bado na shati jeupe na tai. Alifunga macho. Niligusa kidole kikubwa.

"Nasikia."

Nikagusa cha pili.

"Nasikia."

Kuku akapita nyuma yangu na vifaranga, mmoja akanipanda mguuni, nikageuka kumfukuza. Mkono wenye nyoya ulikuwa juu ya goti langu.

"Nasikia," Anko akasema.

Niligeuka taratibu. Macho yake yalikuwa yamefungwa, uso umetulia, jua limempiga kwenye paji la uso. Nilikaa bila kusogea. Nyoya lilikuwa bado gotini.

"Nasikia," akasema tena, baada ya muda ule ule ambao mimi huchukua kila siku.

"Anko," nikasema. "Sijakugusa."

Hakufungua macho. "Unanicheza," akasema. "Haya gusa basi."

Nikaliweka nyoya chini ya kidole kikubwa, nikalipitisha. Nikalipitisha kwenye mto, mbele na nyuma. Alikuwa anangoja. Nikaweka nyoya chini nikatumia kidole changu cha mkono. Kisha nikatumia ukucha, nikabonyeza mpaka pakaacha alama nyekundu kwenye ngozi.

"Si uguse, Jerop," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbona hugusi?"

Kwetu mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina lake. Mimi niliita, "Chepkemei! Chepkemei!" na Anti akatoka ndani akikimbia, mikono imejaa unga, kabla sijaliita mara ya tatu.